Siku Nilipotafsiri Kimya

Mjukuu wangu Mghoi anasomea sheria Nairobi. Krismasi iliyopita alichelewa chakula cha mchana hapa kwangu Voi mpaka wali ukapoa na nyanya yake akakunja uso. Msichana akaingia mbio, akatupa begi kwenye kiti, akasema, "Babu, usiniangalie hivyo. Niko na alibi. Jam ya magari pale Mlolongo!"

Nikamwambia akae, ale kwanza, halafu nitamhukumu. Alipomaliza nikamwambia kwamba hiyo jam yake ni sababu, na kama si kweli ni kisingizio, lakini alibi si hata kidogo. Akacheka. Akasema siku hizi kila mtu husema hivyo. Kweli, husema. Hata Waingereza wenyewe husema, na wenye lugha wana haki ya kuiharibu wanavyotaka. Lakini mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na neno hilo moja nusura limtie mtu gerezani kwa ajili ya kiburi changu. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaopenda maneno makubwa, hasa nyinyi mnaokwenda kufanya kazi mahakamani, nivumilieni kidogo. Simu zenu hazitakimbia.

Niliajiriwa pale Voi miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Nilikuwa kijana mwembamba, suruali nimeipiga pasi ya makaa mpaka ukunjo wake unakata. Kidawida nilikinyonya nyumbani, Kikamba nilikipata kwa wenzangu shuleni, na Kitaveta nilifunzwa na shangazi yangu aliyeolewa Bomeni, kule Taveta. Kiingereza nilikisomea kwa kiboko. Nikajiona hakuna kama mimi kati ya Voi na Taveta.

Karani mkuu alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kunifanya nijisikie ninabomoa nyumba kila nikifungua mdomo. Yeye ndiye aliyenifunza kazi, na mambo aliyonifunza ni machache ila bado nayakumbuka. Shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi", usiseme "anasema yeye". Simama nyuma yake kidogo, asikuone wewe, amwone hakimu. Akitukana, tukana. Akilia, usilie wewe, ngoja amalize. Usimpambe mtu wala usimvue nguo. "Kazi yetu ni ulimi," aliniambia siku ya kwanza, "si pua, wala si mkono. Na huo ulimi si wako, umeazimwa."

Mimi nilisikia, nikaitikia, nikaendelea kupenda maneno makubwa.

Mzee Athmani alikuwa na daftari lenye jalada la buluu. Upande wa kushoto wa kila ukurasa aliandika neno la Kilatini ambalo mawakili na mahakimu hulitia ndani ya Kiingereza chao. Upande wa kulia aliandika sentensi moja tu ya Kiingereza yenye neno hilo. Sharti lake lilikuwa kwamba sentensi hiyo iwe ya jambo aliloliona yeye kwa macho. Hakuruhusu sentensi za kubuni. "Neno usiloweza kulionyesha kwa kidole," alisema, "usilitie kinywani, litakuvunja meno."

Kwa mfano, affidavit ni maneno ambayo mtu ameyaapia mbele ya mwenye mamlaka. Yeye aliandika: "The story of the lion came from the market, not from an affidavit." Ilikuwa kweli. Wiki hiyo soko zima la Voi lilikuwa linasema simba amelala chini ya behewa pale stesheni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuliapia jambo hilo.

Na bona fide je? Hapo nina kisa. Kulikuwa na mtu wa Bomeni, jina lake Lucas, aliyekuwa akileta ndizi kwa gari moshi la kutoka Taveta na kuziuza nje ya stesheni. Wateja walimsumbua, wanasema ndizi zako si za Taveta, umezitoa huku huku. Siku moja akaniuliza, "Karani, kuna neno la kortini la kusema kitu ni cha kweli, hakuna ujanja?" Nikamwambia lipo, bona fide. Kesho yake nikakuta ubao: BONA FIDE NDIZI ZA TAVETA. Nilicheka mpaka machozi, nikaenda kumsimulia Mzee Athmani nikidhani naye atacheka. Akaniangalia juu ya miwani. "Wacheka nini? Ndizi zatoka Taveta?" Nikasema ndiyo. "Kuna hila ndani yake?" Nikasema hapana. "Basi mwenye ndizi amelitumia neno sawasawa. Wewe ndiwe nakusikia ukilitumia ovyo." Akachovya kalamu, akaandika sentensi ya Lucas katika daftari lake, nami nikatoka nikiwa mdogo kuliko nilivyoingia.

Nilipokuwa nikilifunua daftari hilo niliona ukurasa mmoja wenye neno upande wa kushoto na upande wa kulia mtupu. Neno lenyewe lilikuwa alibi.

"Mzee, hapa mbona hukuandika?"

"Sijaiona bado," akasema. "Visingizio nimeviona vingi katika korti hii. Alibi sijaiona."

Mimi nilidhani anatania, kwa sababu nilikuwa nikiziona kila siku. Kwangu mimi, kila mshtakiwa aliyejitetea alikuwa na alibi, na kila aliyekosa la kusema hakuwa nayo. Nilikuwa nikilitumia neno hilo hata nyumbani. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa na hakika ninajua.

Sasa niwaambie kesi.

Upande wa Mraru, kwenye barabara ya kwenda Taveta, rundo la nyuzi za mkonge liliungua alasiri moja katika uwanja wa kuanikia wa shamba fulani la mzungu. Siku zile moto haukuwa moto tu. Kwa sababu ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni iliona mkono wa waasi nyuma ya kila moshi. Mlinzi akasema alimwona mtu mrefu akikimbia, hakumwona uso, alimwona mgongo tu, na mgongo huo ulikuwa umevaa koti la kijeshi. Mkata mkonge mmoja mrefu, jina lake Mwadime, hakuwa amefika kazini siku hiyo. Jana yake alikuwa amezozana na nyapara mbele ya watu. Na kila mtu alijua kwamba Mwadime haachani na koti lake la kijeshi, jua liwake au mvua inyeshe. Polisi walipokwenda kwake, hawakulikuta koti. Wakamuuliza liko wapi. Hakujibu. Basi wakasema amelificha, na anayeficha ana kitu cha kuficha.

Kesi ya kuchoma ilikuwa kubwa kuliko korti yetu. Kazi ya hakimu wetu ilikuwa kusikiliza kwanza, na akiona kuna kesi, ampeleke mtu Mombasa kwa jaji. Na mtu akishafika kule kwa kesi ya moto, wakati ule, alikuwa anahesabiwa miaka ya kifungo. Mkewe Mwadime, Saru, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Hakimu alikuwa Mwingereza kijana, pua imebabuka kwa jua la Voi, mtu asiye na haraka. Mlinzi akatoa ushahidi wake, polisi wakatoa wao kuhusu koti. Kisha hakimu akaniambia nimuulize mshtakiwa kama anataka kusema alikuwa wapi alasiri ile.

Nikamuuliza kwa Kidawida. Mwadime alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Akaangalia sakafu. Akasema, "Sitasema." Halafu akanyamaza, na kimya chake kikawa kirefu, cha mtu anayebana kitu kifuani.

Mimi nikasimama wima, nikatoa sauti yangu nzuri, nikasema: "The accused has no alibi, Sir."

Hakimu akainua nyusi kidogo kwa kusikia neno hilo likitoka kwangu. Nikavimba kichwa. Akainama akaandika, nikasikia nibu ikikwaruza karatasi. Na Mwadime, ambaye hakujua neno la Kiingereza zaidi ya "yes", akaniangalia akaniinamishia kichwa kunishukuru. Alidhani nimefikisha alichosema. Kuinama kwake kule sijawahi kukusahau, na sitaki kukusahau.

Wakati wa chai Mzee Athmani aliniita mezani kwake. Hakunikaribisha kiti.

"Mtu yule kasema nini?"

"Amesema hatasema, Mzee."

"Na wewe ukasema nini?"

"Kwamba hana alibi."

"Alikwambia hakuwa pahali pengine?"

"Hapana."

"Alikwambia alikuwako motoni?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nani kasema?" Akavua miwani. "Sikiza, mwanangu. Alibi si udhuru, si hoja, si ujanja wa wakili. Alibi ni pahali. Ni kule mtu alikokuwa wakati jambo latendeka huku. Mtu aweza kuwa nayo na asiitaje, kama mtu aweza kuwa na mke na asimtaje. Yule kakupa kimya, nawe ukakitafsiri! Kimya ni chake. Umemchukulia kimya chake ukampa hukumu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimesikia methali hiyo tangu utotoni, na siku hiyo ndipo niliposikia maumivu yake. Nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia nijue mwenyewe, miguu ninayo, na mlango wa hakimu ni ule pale.

Nilisimama nje ya mlango huo muda mrefu. Nilijua naweza kufukuzwa. Mkalimani anayekiri kwamba ameongeza neno ni sawa na mpishi anayekiri kwamba amepoteza pete kwenye ugali, watu hawali tena kwake kwa raha. Mwishowe nikabisha. Nikamweleza hakimu kwamba nilikosea, kwamba mshtakiwa alisema tu kwamba hatasema. Hakimu akaitafuta ile karatasi, akalipiga neno langu mstari mmoja. Akaniuliza, "Kwa hiyo hatujui alikuwa wapi?" Nikasema, "No, Sir. We do not know." Akasema hayo ni mambo mawili tofauti sana. Akaahirisha kesi kwa wiki moja, na hakunifukuza. Mpaka leo namwombea mema, popote alipo.

Lakini wiki moja ingesaidia nini kama mtu mwenyewe amefunga mdomo?

Siku iliyofuata Saru alikuja kukaa kwenye baraza ya korti. Alikuwa ameleta chakula cha mumewe, akaambiwa angoje. Nilipopita akanisalimu, "Kwawuka mana," na mimi nikasimama, kwa sababu mtu akikusalimu kwa lugha ya nyumbani huwezi kujifanya karani. Nikamuuliza hali. Akasema hali ni mbaya, mume yuko ndani, na kule Chawia mama yake mzazi amelala na mguu umevimba kama mto wa kulalia.

"Imekuwaje tena?"

"Alianguka kwenye matuta ya shamba. Siku ile ile ya moto. Ukungu ulikuwa umeshuka na watu wote walikuwa wameenda mazishi ng'ambo ya pili."

"Na nani alimfikisha zahanati?"

Saru akafikiri. "Anasema alifika tu. Nikimuuliza alifikaje, ananiambia ni Mungu."

Vijana, nyinyi hamjui milima yetu ilivyo, mnapita kwa pikipiki. Kutoka shamba la yule mama chini ya msitu wa Chawia mpaka zahanati ilikuwa mteremko, mto, halafu mlima. Mwanamke mzima mwenye mguu ulioumia hivyo hafikishwi pale na Mungu bila Mungu kutumia mgongo wa mtu. Nikamtazama Saru, naye akanitazama. Nikaona macho yake yakifunguka pole pole, na mkono wake ukapanda mdomoni.

Hapa lazima niwaeleze, maana ninyi siku hizi mnakumbatiana na wakwe zenu na kupiga nao picha. Kwetu wakati ule, mtu na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani uso. Ukimwona anakuja kwenye njia, unaingia vichakani mpaka apite. Humtaji jina. Huli naye. Hiyo haikuwa chuki, ilikuwa heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu ndiye aliyekupa mke. Kumgusa hakukufikiriwa. Na kumbeba mgongoni, amekushika shingo, miguu yake mikononi mwako, hilo hata jina halikuwa nalo. Ningepatwa mimi na jambo kama hilo, pengine nami ningechagua Mombasa.

Na mimi, Mdawida niliyezaliwa na kulelewa juu ya milima hiyo hiyo, nilikuwa nimeona mtu wa kwetu anabana kitu kifuani kwa aibu, na badala ya kukitambua kimya hicho nikakipa jina la Kilatini. Hakimu wa Uingereza angesamehewa. Mimi je?

Nikamwambia Saru jambo moja tu. "Mwambie mama yako kwamba hakimu hataki kujua kwa nini. Anataka kujua wapi."

Nilipomweleza Mzee Athmani, akaniuliza kama nimesahau kwamba kazi yetu ni ulimi si pua. Nikasema sijasahau. Akasema masikio yake siku hizi hayasikii vizuri, akaendelea kupanga majalada.

Wiki ikaisha. Siku ya kesi gari moshi la kutoka Taveta, ambalo hupita chini ya milima yetu, lilipofika, alishuka mwanamke wa makamo, mguu umefungwa, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono mwingine, leso imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na shemeji yake mmoja mzee wa kumsindikiza. Mwanamke huyo ndiye Wakesho, mama yake Saru. Alipofika mlangoni mwa korti na kumwona Mwadime kizimbani, akarudi nyuma nje kama aliyeona nyoka. Mwadime naye akajifunika uso kwa viganja.

Shemeji akaja kwangu. "Atasema. Lakini hawezi kusema huku wanaonana."

Nikamtafsiria hakimu. Hakimu akasema shahidi lazima awe mbele ya korti. Mzee Athmani, ambaye kwa kawaida hakusema neno kesi ikiendelea, akainuka kwenye meza yake akaomba ruhusa. Akaeleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mama huyu yuko tayari kuonana na korti nzima isipokuwa mtu mmoja, na kwamba kufanya hivyo ni adabu, si ujeuri. Hakimu akafikiri. Akaamuru askari amgeuze mshtakiwa atazame ukuta, na mama akalishwe kwenye kiti kinachotazama dirisha. Wakageuzwa. Yeye akatazama picha ya Malkia, mama akatazama stesheni, na mimi nikasimama katikati ya migongo miwili.

Akaapa kwa Biblia. Hakimu akamuuliza kama anamjua mshtakiwa. Akasema ni mume wa mtoto wake. Akamuuliza kama anajua alikuwa wapi alasiri ya moto. Akasema anajua.

"Alikuwa wapi?"

Mama akanyamaza.

Nilisikia injini ikipumua stesheni. Nilisikia viatu vya askari. Hakimu akangoja, kisha akaniuliza, "What does she say?"

Nilikuwa na Kiingereza kingi mdomoni asubuhi hiyo, nikakimeza chote. Nikasema, "Nothing, Sir. Not yet."

Mzee Athmani hakuinua kichwa, lakini niliona kalamu yake imesimama.

Ndipo yule mama akasema, polepole, akilitazama dirisha, "Mficha uchi hazai. Alikuwa Chawia. Alikuwa chini yangu. Mimi nilikuwa mgongoni mwake."

Nikatafsiri. Nilisema "I", kama nilivyofunzwa. "I was on his back." Kizimbani mabega ya Mwadime yakatetemeka.

Basi akasimulia yote. Alianguka, akaita, hakuna aliyesikia ila huyo, aliyekuwa akipita njia ya juu akishuka kwenda kazini zamu ya mchana. Alimkuta, akasimama mbali, akageuka pembeni, akamuuliza bila kumtazama kama anaweza kutembea. Hakuweza. Mwadime akazunguka pale mara mbili, tatu, kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mama mwenyewe akamwambia, "Mwanangu, mimi nafumba macho." Akambeba. Karibu na zahanati akamteremsha nyuma ya ua wa minyaa, akampa fimbo, na mama akajikokota hatua za mwisho peke yake ili dresa, mfunga vidonda wa zahanati, asione kitu. Wakaahidiana kwamba hawakuonana. Dresa alimfunga mguu alasiri ile ile, na jina la mama limeandikwa pamoja na saa katika daftari la zahanati.

"Na koti?" akauliza mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa ameshikilia hoja ya koti hilo wiki nzima. "Koti lake la kijeshi liko wapi?"

Wakesho akainama kwenye kikapu. Akatoa koti, limekunjwa vizuri, lina harufu ya sabuni, akaliweka mapajani.

"Alilivua akalikunja akaliweka mgongoni mwake," akasema, "katikati yake na mimi. Ili tusigusane. Nililichukua ndani ya zahanati ili nijifunike, likabaki kwangu. Ningelirudisha ningesema nimelitoa wapi?"

Nilipokuwa natafsiri hayo nilivunja kanuni ya Mzee Athmani ya kutolia. Sikujali. Hata sasa ninapoandika naliona koti lile. Mtu alikuwa anambeba mgonjwa kwenye mteremko wenye tope, na bado alipata nafasi ya kufikiria heshima yake.

Hakimu aliagiza daftari la zahanati lakini kila mtu alijua kesi imekwisha. Lilipokuja, jina na saa vilikuwemo. Akaandika kwa muda mrefu, kisha akatusomea, na ndani yake lilikuwamo lile neno, safari hii mahali pake: alibi imethibitika, mshtakiwa aachiliwe. Nani alichoma mkonge mimi sijui mpaka leo. Makoti ya kijeshi baada ya vita yalikuwa katika kila nyumba.

Jioni hiyo Mzee Athmani alifungua daftari la buluu, ule ukurasa, akanisukumia na kalamu. Nikauliza, mimi? Akasema yeye alikuwa akiandika majalada, aliyesimama pale katikati ni mimi. Nikaandika sentensi moja: "His alibi was a hill in Chawia, with his mother-in-law on his back." Akaisoma, akaipuliza wino ukauke, akafunga. Alipostaafu aliniachia daftari hilo, na Krismasi nililitoa sandukuni nikampa Mghoi asome ukurasa huo. Akausoma, akaniomba radhi kwa ajili ya jam ya Mlolongo.

Lakini sijamaliza. Kulikuwa na deni la aibu. Maneno ya mgongoni yalikuwa yametamkwa mbele za watu, na huko kwetu jambo kama hilo halikuachwa hivi hivi. Siku ya Jumapili baada ya mtoto kuzaliwa, Mwadime alipeleka mbuzi na leso mpya kwa mama mkwe wake, wazee wakasema ya kusema, ili wawili hao waweze kuishi tena bila kujificha zaidi ya ilivyopasa. Na mimi niliitwa, kwa sababu ulimi wangu ndio uliolitamka jambo lile kwa lugha mbili. Nilikwenda na sukari na majani ya chai, nikapanda Chawia.

Baada ya wazee kumaliza, Wakesho aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kando ya moto, mguu wake umenyooshwa, mjukuu amemlaza mapajani. Mimi si mkwe wake, kwa hiyo alinitazama usoni kabisa.

"Karani," akasema, "nasikia kabla sijaja kortini ulimwambia yule mzungu kwamba mkwe wangu hana mahali."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nilimwambia."

"Mahali alikuwa napo."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni wa huku huku. Ulimwona amenyamaza." Akamgeuza mtoto upande wa pili. "Mbona hukujiuliza?"

Nikamwinamishia kichwa. Akaniangalia mpaka alipoona nimeelewa. Kisha akanipakulia kimanga, akaniongezea tena, akaniambia nile kabla hakijapoa.